Apriyani Rahayu, mwari aliyefanywa kungwi kabla ya siku zake

Ukitaka kuielewa safari ya Apriyani Rahayu, Mwindonesia anayecheza mpira wa vinyoya (badminton) wa wanawake wawili wawili, usianzie kwenye medali. Anzia ng'ambo ya wavu. Huko utawakuta wasichana wawili wa Kichina, Chen Qingchen na Jia Yifan, na utaendelea kuwakuta karibu kila mahali safari hiyo inapopinda.

Aprili 2014, Alor Setar, Malaysia, fainali ya ubingwa wa dunia kwa vijana: Apriyani hajatimiza hata miaka 16, mwenzake ni Rosyita Eka Putri Sari, ng'ambo ni Chen na Jia. Wanafungwa. Agosti 2021, Tokyo, fainali ya Olimpiki: mwenzake ni Greysia Polii, ng'ambo ni Chen na Jia. Wanashinda. Juni 2022, Jakarta, fainali ya Indonesia Masters: mwenzake ni Siti Fadia Silva Ramadhanti, ng'ambo ni wale wale. Wanafungwa. Agosti 2023, Copenhagen, fainali ya ubingwa wa dunia: Fadia tena, Chen na Jia tena, na matokeo ni 21-16, 21-12 kwa Wachina.

Fainali nne, na si zote walizowahi kukutana. Upande mmoja wenzi watatu, upande wa pili sura mbili zisizobadilika. Mimi naona habari yote ya Apriyani imelala humo, lakini siyo hiyo inayosimuliwa. Inayosimuliwa ni ile ya mtoto wa kijijini aliyechongewa raketi ya mbao na baba yake, akavuka bahari, akatwaa dhahabu, kisha akashuka kiwango. Ni hadithi tamu, na kipande chake cha kwanza ni cha kweli. Hicho cha mwisho, cha kushuka kiwango, ndicho kinachonikera, kwa sababu kinamhukumu mtu mmoja kwa mchezo unaochezwa na wawili.

Mpira wa vinyoya wa wanawake wawili wawili haufanani sana na ule wa mchezaji mmoja mmoja, na haufanani hata na ule wa wanaume wawili wawili. Kwa wanaume, mkwaju mmoja mzito kutoka nyuma mara nyingi unamaliza neno. Kwa wanawake wa kiwango cha juu ulinzi ni mgumu mno kuvunjwa kwa pigo moja, kwa hiyo majibizano yanarefuka: mapigo thelathini, hamsini, wakati mwingine yanapita mia kabla kile kinyoya hakijagusa sakafu. Nguvu za mkono zinasaidia, ila zinazoamua ni mapafu, subira, na jambo la tatu ambalo halipimwi kwenye mashine yoyote, yaani kujua mwenzako atakuwa wapi bila kugeuza shingo kumtazama.

Umewahi kuwaona wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja? Mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, na wenyewe wanazungumza habari za jirani kana kwamba mikono si yao. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana. Sasa uchukue mchi wa mmoja umpe mgeni, hata kama mgeni huyo ana nguvu kuliko aliyeondoka. Watatwanga, lakini kwanza watagongana. Katika uwanja wa upana wa mita 6.1, kugongana huko huonekana pale kinyoya kinapoangukia katikati yao. Jozi iliyozoeana haina swali hapo. Jozi changa, wote wawili wananyoosha raketi, au wote wawili wanaacha.

Hata hesabu za mchezo zinalitambua hili. Alama za viwango vya dunia katika wawili wawili hupewa jozi, siyo mtu. Bingwa wa Olimpiki akibadilishiwa mwenzi, jozi yake mpya inaanza na sifuri kama ya mtoto aliyetoka shule jana. Medali anabaki nayo. Nafasi yake ya ulimwengu haibaki.

Apriyani alizaliwa tarehe 29 Aprili 1998 huko Konawe, Sulawesi ya Kusini-Mashariki. Kwa msomaji asiyekijua kisiwa hicho: kiko mashariki ya Borneo, kina umbo la ajabu kama buibui aliyenyoosha miguu, na Konawe iko kwenye mguu wa kusini-mashariki. Ni mbali na Java, na katika mpira wa vinyoya wa Indonesia kuwa mbali na Java ni kuwa mbali na karibu kila kitu. Klabu kubwa ziko Java, makocha wako Java, kambi ya timu ya taifa iko Cipayung, mashariki ya Jakarta. Mtoto wa Konawe mwenye kipaji ana njia moja tu: kuondoka nyumbani mapema. Apriyani aliondoka. Jijini Jakarta alipita mikononi mwa Icuk Sugiarto, bingwa wa dunia wa mwaka 1983, kisha akahamia Jaya Raya, klabu ile ile iliyomlea Greysia Polii.

Gharama ya kuondoka mapema ina sura yake. Mwaka 2015 mama yake alifariki dunia huku binti yuko Peru, kwenye mashindano ya dunia ya vijana. Sitaliremba hilo. Nalitaja kwa sababu miaka miwili baadaye alipokabidhiwa kwa mwenzi aliyemzidi miaka zaidi ya kumi, hakukabidhiwa kwa mchezaji tu.

Greysia naye alikuwa na yake. Jina lake liliwahi kuandikwa kwenye ukurasa mbaya kabisa wa mchezo huu. London, 2012: jozi nne, wachezaji wanane, walifukuzwa Olimpiki kwa kufanya makusudi kufungwa mechi za makundi ili wapate njia nyepesi mbele. Greysia na Meiliana Jauhari walikuwa miongoni mwao. Nimeshawahi kubishana na rafiki yangu mmoja anayeamini kwamba lile lilikuwa kosa la waliopanga ratiba, kwani mfumo ndio uliowapa faida ya kufungwa. Sikubaliani naye hadi leo, ingawa ni kweli mfumo ulibadilishwa baadaye. Greysia hata hivyo hakuukimbia uwanja. Akiwa na Nitya Krishinda Maheswari alitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2014 mjini Incheon, na fainali waliifunga jozi ya Japani ya Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi, ambayo miaka miwili baadaye ingekuwa mabingwa wa Olimpiki. Rio 2016 Greysia na Nitya waliishia robo fainali. Goti la Nitya likakataa, akafanyiwa upasuaji, na Greysia akabaki peke yake akikaribia miaka 30, umri ambao wengi katika fani hii wanafungasha virago.

Alitaka kuacha. Kocha Eng Hian, aliyekuwa na medali yake ya shaba ya Athens 2004 katika wanaume wawili wawili, akamwomba asiende bado, awashike mkono kwanza wasichana wanaochipukia. Liangalie ombi hilo vizuri. Hakuambiwa, "Tunakupa mwenzi wa kutwaa naye dhahabu." Aliombwa alee. Kwa lugha yetu ya pwani, aliombwa awe kungwi.

Na mwari akaletwa. Mei 2017, kwenye Kombe la Sudirman huko Gold Coast, Australia, Greysia na Apriyani walisimama pamoja kwa mara ya kwanza katika mashindano makubwa. Apriyani alikuwa ametoka kutimiza miaka 19. Wiki chache baadaye wakatwaa Thailand Open. Oktoba mwaka huo huo wakatwaa French Open. Mtu aliyezoea kuona jozi mpya zikipapasa gizani kwa mwaka mzima alilazimika kujiuliza hapa kuna nini.

Jibu langu ni hili. Kulikuwa na mgawanyo wa kazi usio na ubishi. Mdogo alikuwa na miguu, kasi na ile jeuri ya kijana anayepiga kwanza na kufikiri baadaye. Mkubwa alikuwa amekwisha kufungwa kwa kila namna ambayo mchezaji anaweza kufungwa, kwa hiyo hakuna alama iliyomtisha. Apriyani akikosea, Greysia aliitika kwa kicheko au kwa neno moja la kumtuliza, kisha mchezo ukaendelea. Wenyewe Waindonesia wana neno *kakak*, ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike, na mdogo humwita mkubwa *kak* kama sisi tunavyosema dada au kaka. Neno hilo linabeba ruhusa mbili kwa pamoja: mkubwa anaruhusiwa kukemea, mdogo anaruhusiwa kukosea. Jozi nyingi za rika moja hazina ruhusa hata moja kati ya hizo. Anayekosea anaona aibu, asiyekosea ananuna, na tayari mmeshapoteza alama tatu.

Medali za shaba za ubingwa wa dunia zikaja mara mbili, Nanjing 2018 na Basel 2019, na ya Michezo ya Asia 2018 nyumbani Jakarta. Mataji yakawa yanapatikana, lakini siyo makubwa mfululizo. Walipofika Tokyo, mwaka mmoja baada ya tarehe iliyopangwa kwa sababu ya korona, hawakuwemo hata katika jozi nne zilizotengwa kama vinara wa droo.

Hatua ya makundi waliwafunga Yuki Fukushima na Sayaka Hirota, Wajapani waliokuwa namba moja duniani, kwa seti tatu. Robo fainali, Du Yue na Li Yinhui wa China, seti tatu tena. Nusu fainali, Lee So-hee na Shin Seung-chan wa Korea Kusini, mbili bila. Na tarehe 2 Agosti 2021, katika ukumbi wa Musashino Forest usio na watazamaji, Chen na Jia.

Nimeirudia mechi hiyo mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. 21-19, 21-15. Kuna tukio moja ambalo kila anayeizungumzia hulitaja, nami sitajitia kulikwepa: katikati ya majibizano raketi ya Greysia ikamharibikia, akakimbia pembeni kuchukua nyingine, akarudi uwanjani kinyoya kikiwa bado hewani, na alama wakaipata. Watu hutazama mbio za Greysia. Mimi namtazama Apriyani, aliyebaki peke yake mbele ya jozi bora kabisa ya ulinzi na mashambulizi, uwanja mzima ukiwa wake kwa sekunde chache. Hakupaniki. Hakujaribu kumaliza kwa pigo la sifa. Alifanya jambo dogo na gumu: kukirudisha kinyoya kwa namna itakayompa dada yake muda wa kurudi. Msichana yule aliyeletwa Gold Coast asingefanya hivyo. Hiyo ndiyo miaka minne ya unyago mkiitafuta.

Dhahabu hiyo ilikuwa ya kwanza kwa Indonesia katika wanawake wawili wawili. Kwa nchi iliyoanza kuvuna dhahabu mwaka 1992 kwa Susi Susanti na Alan Budikusuma, ikaja kuvuna katika wanaume wawili wawili mara tatu na katika mchanganyiko kwa Tontowi Ahmad na Liliyana Natsir mwaka 2016, lilikuwa pengo moja lililobaki. Likajazwa na jozi iliyoundwa kwa kubahatisha baada ya goti la mtu mwingine kuumia.

Zawadi zikamiminika. Serikali ilitoa rupia bilioni 5.5 kwa kila mmoja. Nyumbani Konawe mkuu wa wilaya aliahidi nyumba, kiwanja na ng'ombe watano. Magazeti ya dunia yaliwacheka kidogo wale ng'ombe, kama jambo la kichekesho. Msomaji wa Shinyanga au Narok hataona cha kuchekesha. Ng'ombe ni mali inayozaa.

Greysia alikuwa na miaka 33, siku tisa kabla ya kutimiza 34. Kila mtu alijua kinachofuata.

Hapa ndipo nafikia ninalotaka kulisema. Tarehe 12 Juni 2022, Istora Senayan, Jakarta, Greysia aliagwa rasmi. Ilikuwa siku ya fainali za Indonesia Masters. Siku hiyo hiyo, katika ukumbi huo huo, Apriyani alicheza fainali na mwenzi wake mpya dhidi ya Chen na Jia, wakafungwa. Siamini kama kuna aliyepanga iwe hivyo, na sijui mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kuipanga. Kungwi anaaga kwa machozi na maua, na mwari, akiwa na miaka 24, anaambiwa: haya, sasa wewe ndiye mkubwa.

Siti Fadia alizaliwa Novemba 2000, Bogor. Yaani Apriyani amemzidi miaka miwili na nusu. Hiyo si tofauti ya kungwi na mwari. Ni tofauti ya wasichana wawili wanaofuatana darasani. Pamoja na hayo, mwanzo wao ulikuwa wa kutisha: dhahabu ya Michezo ya Kusini-Mashariki ya Asia huko Vietnam mwezi Mei, fainali ya Indonesia Masters Juni, ubingwa wa Malaysia Open mwanzoni mwa Julai, ubingwa wa Singapore Open katikati ya Julai. Miezi mitatu hivi. Wachambuzi wengi, nami nikiwemo, tuliandika kwamba Indonesia imepata jozi nyingine ya dhahabu bila hata kutoa jasho. Tulikosea, na kosa letu lilikuwa kutazama matokeo badala ya kutazama yaliyo chini yake.

Yaliyo chini yake yalikuwa haya. Jozi mpya ina faida ya muda mfupi: wapinzani hawana picha zake. Hawajui nani huanza kuingia mbele, nani huchoka upande wa kushoto, nani hurudi kwenye pigo alilolizoea alama zikifika 18. Faida hiyo huisha. Makocha wa China, Japani na Korea wakikaa na video zako miezi sita, unabaki na ulichonacho kweli. Walichonacho Apriyani na Fadia kilikuwa kasi mara mbili. Wote wawili wanashambulia, wote wawili wanapenda kwenda mbele, wote wawili wakipandwa na moto wanapiga kwa nguvu zaidi. Alipokuwa na Greysia, Apriyani alikuwa moto penye maji. Sasa alitakiwa awe maji, naye hajawahi kufundishwa kuwa maji; alifundishwa kuwa moto salama.

Tazama Copenhagen 2023. Kufika fainali ya dunia si jambo dogo, na njiani walicheza vizuri sana. Lakini ile 21-12 ya seti ya pili ilikuwa ya jozi iliyoishiwa na jibu la pili. Chen na Jia walirefusha majibizano, wakasubiri, na mapigo ya Waindonesia yakaanza kutoka nje ya mistari. Dakika kama hizo, miaka miwili nyuma, mtu mmoja uwanjani angekwenda polepole kufunga kamba za viatu, akamtazama mwenzake, akatabasamu. Apriyani alikuwa akipumua kwa nguvu kama Fadia.

Mwezi uliofuata walitwaa Hong Kong Open, na nalitaja hilo ili nisionekane napanga ushahidi wa upande mmoja. Walikuwa wazuri. Uzuri haukuwa shida. Shida ni kwamba kalenda haikuwapa nafasi ya kuwa kitu kingine zaidi ya wazuri. Mbio za kufuzu Olimpiki ya Paris zilianza Mei 2023 na kwisha Aprili 2024, na jozi inayotaka tiketi haina anasa ya kupumzika wala kujifunza, inakusanya alama. Miili ikaanza kudai deni. Majeraha yalimwandama Apriyani, wakakosa mashindano, wakarudi kabla hawajawa sawa, wakakosa tena. Waliingia Paris wakiwa jozi pekee ya Indonesia katika fani hiyo, wakapangwa kundi moja na Chen na Jia (nani mwingine?), na wakafungwa mechi zote tatu. Chen na Jia waliendelea hadi dhahabu.

Kwa wengi, hapo ndipo mjadala ulipoishia: bingwa wa Tokyo hakushinda hata mechi moja Paris, kwa hiyo amekwisha. Hesabu ya namna hiyo inaudhi. Kilichokwenda Paris hakikuwa kilichokwenda Tokyo. Jina moja kati ya mawili lilikuwa lile lile, basi.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, nayo ina uzito. Mtu atasema: wewe unalilia kubadilishwa kwa wenzi, wakati dhahabu yenyewe ya Tokyo ilitokana na kubadilishwa kwa wenzi. Atasema tena: Wachina hao hao unaowasifu ndio mabingwa wa kuvunja na kuunda jozi. Kweli kabisa. Hata fedha ya Paris ilikwenda kwa jozi changa ya China, Liu Shengshu na Tan Ning. Kwa hiyo sisemi jozi zisivunjwe. Greysia alikuwa lazima aondoke, mwili una mwisho wake.

Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kumpa mchezaji mwenzi na kumpa mchezaji nafasi ndani ya jozi. Mwaka 2017 shirikisho la Indonesia, kwa busara au kwa bahati, lilimpa Apriyani nafasi: wewe ni mdogo, huyu ni mkubwa, jifunze. Mwaka 2022 lilimpa mwenzi tu. Halikuuliza nani atakuwa mtulivu. Halikumpa Apriyani mwaka mmoja wa kufungwa kwa ajili ya kujifunza kazi mpya, kwa sababu alikuwa bingwa wa Olimpiki na bingwa wa Olimpiki hatarajiwi kufungwa. Medali ile ile iliyomwinua ndiyo iliyomnyima haki ya kukosea. Linganisha na Wajapani Matsutomo na Takahashi, waliokuwa pamoja tangu sekondari na waliruhusiwa kufungwa kwa miaka kabla ya Rio. Linganisha na Chen na Jia wenyewe: baada ya Tokyo, walipopoteza fainali iliyokuwa ikihesabiwa kuwa yao, hakuna aliyewatenganisha. Wakatwaa ubingwa wa dunia mwaka huo huo, na 2022, na 2023. Jozi iliyoshinda Tokyo ilikufa kifo cha kawaida. Iliyoshindwa iliachwa iishi.

Kuna wanaotaka kumtupia Fadia lawama. Sioni kosa lake. Mwanzoni mwa 2025, akiwa na Lanny Tria Mayasari, alitwaa Thailand Masters, mwenzi mpya na taji papo hapo, kama ilivyokuwa kwa Apriyani mwaka 2022 na mwaka 2017. Huenda hilo linatufundisha zaidi juu ya faida ya ugeni kuliko juu ya Fadia. Tangu hapo mabenchi ya Cipayung yamekuwa yakipanga na kupangua, huyu na yule, wiki hii hivi na mashindano yajayo vile. Kila ninapoona orodha mpya ya majina najikuta nikihesabu ni nani kati ya hao wawili aliye mkubwa, na mara nyingi sipati jibu. Angalau safari hii Nitya Krishinda Maheswari, yule mwenye goti, yuko kambini upande wa makocha. Anajua kuliko wote mwenzi mzuri anakuwaje, kwa sababu aliyemwacha ndiye aliyekuja kumlea Apriyani.

Apriyani mwenyewe hajazeeka. Greysia alipoombwa abaki alee alikuwa na miaka 29. Ukiitumia hesabu hiyo, mwari wetu anaufikia umri wa ukungwi sasa hivi, siyo mwaka 2022. Kama ningekuwa na sauti Cipayung, nisingemtafutia mwenzi mkali wa kumrudisha kwenye mataji msimu huu. Ningemtafutia msichana wa miaka 18 au 19 mwenye miguu na jeuri, kutoka mkoa wowote ulio mbali na Java, na ningewaambia wote wawili kwamba kwa mwaka mzima hakuna atakayewauliza matokeo.

Na ng'ambo ya wavu? Baada ya Paris, Chen na Jia nao waliachana. Jia Yifan, baada ya muongo mzima na mtu mmoja, mwaka 2025 alionekana uwanjani na Zhang Shuxian, akijifunza upya ni nani wa kukipiga kinyoya cha katikati. Zhang huyo ndiye aliyekuwa upande wa pili, akiwa na Zheng Yu, katika fainali ya Malaysia na ile ya Singapore mwaka 2022. Zote mbili, ndani ya Julai moja, alifungwa na Apriyani.